Mwendo wa Kaa

Lethbridge, Alberta

Mnara umesema: upepo nyuzi mia mbili na tisini,
noti kumi na sita, ukipiga vishindo ishirini na mbili.
Noti nazijua. Mia mbili na arobaini kwa saa moja ya angani,
nilizozichuma zamu za usiku kwenye mkanda wa chipsi,
nikichambua viazi vyenye macho meusi
mpaka nami nikawa nalala macho wazi.

Verna Haugen anatafuna mbegu za alizeti.
Ana miaka sabini na moja; arobaini kati ya hiyo
aliimaliza akinyunyizia dawa mashamba ya watu.
Chini ya nyaya za umeme alipita mara ngapi, hasemi.
Maganda anayatemea kwenye kikombe cha karatasi.
"Usiielekeze unakokwenda," ananiambia.
"Ielekeze upepo unakotoka."

Basi tunashuka hivyo, pua kushoto, mwili mbele.
Njia ya kutulia naiona kulia kabisa,
nyuma ya bega lake, kama mtu ninayemdai
aliyevuka mtaa aliponiona.

Huu wanauita mwendo wa kaa.
Kwetu kaa ni huyo wa mchangani, na kaa la moto ni kaa,
na kaa ni neno aambiwalo mgeni mlangoni:
kaa, mbona umesimama?
Miaka tisa Kanada sijajua niliambiwa lipi.
Nimekwenda upande tu,
uso nimeupeleka kunakovuma,
na miguu, taratibu, ikanifikisha pengine.

Jaribio la kwanza: bawa la kushoto likainuliwa
kama shuka la mtu aliyechelewa kuamka.
"Zunguka," akasema Verna. Nikasukuma mafuta mpaka mwisho.
Chini yetu makorongo ya mto, nyasi zimelala upande mmoja
kama nywele zilizochanwa kwa maji.
La pili,
sina la kusema juu ya la pili. Kikombe kilimwagika.

La tatu.
Futi hamsini, upepo unabishana na mlango.
Futi kumi na tano, na kila nilichoshika sasa nakigeuza:
mguu wa kulia unakanyaga, pua inarudi kwenye mstari,
mkono unaliinamisha bawa la kushoto kuukabili upepo
(cha mvunguni, Hidaya, cha mvunguni),
mguu na mkono vikigombana
kama ndugu wawili waliobeba kabati moja ngazini,
na kabati, ajabu, halianguki.

Gurudumu la kushoto. Peke yake.
Sekunde nzima tunaivuka Alberta kwa mguu mmoja.
Kisha la kulia. Kisha la mbele, kwa kishindo cha aibu.

Nikashusha pumzi, nikaachia na usukani.
Akanichapa kofi la mkono.
"Nani kakwambia umetua?"
Na kweli, upepo ulikuwa bado umetia kiganja chini ya bawa,
unatupima uzito kama mchuuzi anayenunua kuku.
Tukaenda hivyo hadi maegeshoni, usukani nimeukaza kushoto,
mwendo wa mtu anayevuka ua wenye mbwa.

Kamba tatu: bawa, bawa, mkia.
Verna anafunga fundo lake la siku zote.
Mimi nafunga la shangazi Mwanahawa,
la kufungia godoro juu ya pikapu
usiku ule tulipohama Keko, kodi ikitudai.
Anakuja kuliangalia. Analivuta.
Analivuta tena, kwa mikono miwili, kwa mwili.
Hasemi kitu.
Anakwenda upande wa pili, analifungua lake,
na kusimama pale, ncha ya kamba mkononi,
skafu ikimpiga usoni,
akingoja nimwonyeshe.